Kitabu Changu Kilivyoanza na Kilio

Wacha nijicheke mimi kwanza kabla hamjanicheka, maana watu wa Thika na Ruiru wamenicheka miaka mingi kwa aibu ile na bado sijafa (ingawa kufa nilikufa, na ndiyo habari yenyewe). Ilikuwa miaka ya hamsini, napogoa mibuni kwenye shamba la mzungu mmoja pale Ruiru, nakaa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na mke wangu Rasoa, sote watu wa magharibi.

Mambo yalianzia kwa baba mkwe, Mzee Obadia, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Thika. Siku tuliyomaliza mambo ya mahari alisema mbele ya wageni wote kwamba mimi hata nikifa leo hakuna kitu cha kusomwa kaburini. Sasa kwetu mtu hazikwi bila historia yake kusomwa, alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha nani, kwa hiyo maneno yale yalinichoma mpaka ndani, nikaapa nitaandika kitabu cha maisha yangu mwenyewe, kinene, akisome angali ana macho.

Kumbe kuandika si kupogoa. Nilikaa na kalamu, mwanzo ukakataa kabisa kuja, naandika nafuta, naandika nafuta, Rasoa ananitazama tu. Ndipo nikaamua jambo dogo lililoniponza: nitaanza na mwisho. Maisha yote niliyowahi kusikia yakisomwa yalisomewa kaburini, na mwisho wake naujua kwa moyo. Nikaandika kwamba Yohana Ambani aliugua kwa muda mfupi, akavumilia kama Mkristo, akalala, akaacha mjane mmoja na majembe mawili (moja lilikuwa la jirani, lakini nani angeuliza). Nikaona tamu sana. Nikampa karatasi jirani huyo huyo, aliyekuwa akienda Thika, amfikishie Mwalimu Zakayo, msomi wa watu wetu kule, anisahihishie.

Nilisahau kwamba Mwalimu Zakayo ndiye aliyekuwa akisoma historia za marehemu wa watu wetu wote, na karatasi za namna ile zilimfikia kwa sababu moja tu: mtu amekufa. Jirani hakumkuta, akamwachia mke wa Mwalimu, akaenda zake bila kueleza lolote, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma.

Jumapili asubuhi Rasoa yuko kanisani, mimi nimefua suruali yangu (ya pekee, wacha niseme ukweli) na nimejifunga leso yake nikingoja ikauke, nikasikia kilio barabarani. Sisi hatuulizi. Ukisikia kilio unakimbia ukilia. Nikatoka mbio na leso yangu, mikono kichwani, nikalia kuliko wote, nikajichanganya na wamama walioshuka kwenye lori kutoka Thika, kila mtu amejifunika uso na hakuna anayemtazama mwenzake. Nilipokaukiwa na sauti nikamuuliza mama mmoja ni nani ametuacha.

"Si ni Yohana," akasema bila kuinua kichwa. "Yule wa Rasoa."

Nikapenya hadi mbele. Pale mlangoni kwangu Mzee Obadia alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anaomboleza kwa sauti ambayo sikujua anayo, anasema mkwe wake alikuwa mtu, kwamba yeye Mzee alipougua, mkwe huyo ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali mvua ikinyesha, na yeye mzee mjinga hakuwahi kusema asante. (Kumbeba ni kweli nilimbeba. Hata kuandika sikukumbuka.) Ningenyamaza nisikie zaidi, lakini leso ikaanza kufunguka, nikaidaka, na kabla sijajizuia nikasema, "Mzee, niko hapa."

Wamama walitawanyika kwenye mibuni, na wengine ilibidi wafuatwe. Mwalimu Zakayo aliangusha miwani. Rasoa akafika mbio kutoka kanisani, akanikuta mbele ya baba yake nimevaa leso, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi, akanitupia suruali mbichi usoni. Niliona haya, jamani, nikatamani ile karatasi iwe kweli.

Mzee aliuliza karatasi ilikuwa ya nini. Nikamweleza habari ya kitabu, nikangoja matusi. Akajipangusa macho, akaketi, akamwambia Mwalimu aisome, kwani hawakupanda lori kuja kurudi bila kusikia. Basi historia yangu ikasomwa nikiwa nimekaa na suruali mbichi, nakunywa chai, na kila sentensi mtu anaongeza lake, huyu nilimfundisha kupogoa, yule nilimzikia mtoto, mpaka nikaona kumbe nimeishi. Sijawahi kufurahi vile.

Lori lilipowashwa Mzee akanivuta kando.

"Anza upya, mwanangu," akasema. "Lakini hiyo ya mimi kulia, usiweke."

Nimeapa sitaandika tena kifo changu hata nikiombwa, wenye kazi hiyo watakuja wenyewe. Ila kesho yake nilishika kalamu na mwanzo ukaja bila kuitwa, na mpaka leo mstari wa kwanza wa kitabu changu unasema: Mzee Obadia alinililia, na nilimsikia kwa masikio yangu.