Hewa ya Gerezani

Mimi nauza vipuri na oili za kompresa, mashine za kusukuma hewa, pale Gerezani, Kariakoo, na kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuzia feki. Naanza na majigambo haya makusudi, ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Binti yangu alikuwa amepata kazi kwenye mradi wa kupanda matumbawe baharini, kazi aliyoililia tangu amalize chuo. Sharti lilikuwa moja: kabla mwezi haujaisha, awe na kadi ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, kutoka shirika linalotambulika. Bila kadi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Akaniambia anatafuta mwalimu. Nikamwambia hiyo ni biashara, na mambo ya biashara amwachie mama yake.

Mwalimu wa kwanza tulimfuata kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa mama wa Kihindi wa rika langu, mzaliwa wa Kariakoo, Kiswahili chake cha mtaani kuliko changu. Alimpa binti yangu fomu ya kupeleka kwa daktari, akamuuliza habari za masikio, kifua na pumu, kisha akamwambia aingie majini aogelee mpaka yeye aseme basi. Mimi nikauliza kadi itatoka lini.

"Siku atakayoiva, dada yangu."

"Na asipoiva mwezi huu?"

"Basi mwezi huu hapati."

Niliudhika. Sisi wa sokoni tukimwona muuzaji asiyesifia mali yake tunajua ana mashaka nayo. Tulipotoka nilimwambia binti yangu yule mama ana kiburi. Akasema yeye amempenda. Sikumsikiliza.

Kesho yake nikafanya kama watu wa Kariakoo tunavyofanya tukitaka kitu tusichokijua: nikamtafuta winga, mmoja wa wale vijana wanaomkamata mteja barabarani na kumfikisha dukani kwa maneno matamu. Ninaye wangu, huniletea wateja.

"Mama, umekuja penyewe," akasema. "Kuna mwalimu wa kupiga mbizi hapa mjini, siku nne tu kadi mkononi. Shirika kubwa la nje. OG, orijino kabisa!"

Mwalimu huyo alikuja mwenyewe dukani, kanyoa vizuri, ananukia marashi. Akanipa kadi yake niikague. Niliikwangua kwa ukucha, nikaipindisha kidogo, nikaiinamisha kwenye mwanga kama ninavyokagua bearingi. Binti yangu akatafuta namba yake kwenye simu, na kweli shirika lilikuwa linamtambua. Mwalimu hakumuuliza mwanangu swali hata moja, na mimi nikaona huo ndio ustaarabu.

Siku ya nne ya mafunzo, saa nne asubuhi, nilikuwa kaunta nikiisubiri kadi kama imeshafika. Akaingia fundi mmoja, mteja wangu wa miezi mingi.

"Habari za asubuhi, mama. Nipe oili ile ile ya siku zote. Na hili chujio, unalo linalofanana nalo?"

Akaliweka mbele yangu. Lilikuwa jeusi kama tako la sufuria.

"Hili umeliua, fundi. Mashine yako inapuliza rangi?"

"Wala. Inajaza mitungi ya wale wapiga mbizi."

Nilidhani ananitania. "Watu wanavuta hii?"

"Mbona hawajawahi kulalamika?"

Nikamuuliza ni mitungi ya mwalimu gani. Akanitajia jina la mwalimu wa binti yangu. Mitungi ya leo ameijaza jana jioni.

Mganga hajigangi. Oili ile imeandikwa ubavuni kwamba ni ya mashine za karakana. Mwenyewe huwakataza mafundi wasiipulize karibu na uso, na kwa miezi yote nilikuwa namfungia fundi huyu oili hiyo kwenye mfuko, namwambia karibu tena, bila kuuliza inakwenda wapi. Nilimpigia binti yangu, simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia mwalimu, hapatikani. Saa tano walikuwa wanashuka chini.

Duka nilimwachia jirani. Nilipanda bodaboda nikiwa na kandambili, na mikokoteni ya Kariakoo siku hiyo ilikuwa imejipanga barabarani kana kwamba imetumwa kunizuia. Niliwatukana wasukumaji ambao hawakunikosea lolote.

Nilifika Feri, walikopandia boti, saa tano na dakika kumi, boti yao iko mbali, kidoa tu. Nikasimama ukingoni mwa maji, nyuma yangu wanakaanga samaki na kubishana bei. Mama mmoja muuza samaki akanitazama usoni.

"Vipi, mama? Umefiwa?"

"Sijui bado," nikamjibu.

Boti iligeuka mapema kuliko kawaida, na hilo ndilo lililonimaliza. Asubuhi binti yangu alinitumia picha, walikuwa sita. Nilihesabu vichwa vitano. Nikahesabu tena, vitano. Nilianza kuingia majini na nguo zangu, yule mama akanishika kiuno.

Iliposogea ndipo nikaona wa sita amelala sakafuni, kijana wa kiume, anatapika na kushika kichwa. Binti yangu alikuwa amempakata. Nywele za mwanangu zilikuwa kavu.

Tulimkimbiza kijana hospitali, na namshukuru Mungu, alitoka mzima. Lakini pale ufukweni, kabla ya hospitali, nilimvaa mwalimu kwa maneno ambayo siyaandiki. Binti yangu akanivuta mkono.

"Niliuweka ule mpira wa hewa mdomoni, nikavuta mara moja tu, nikautoa," akasema. "Nikamwambia sishuki. Akanicheka, eti mtoto wa Gerezani anaogopa maji."

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa unanuka kama dukani kwetu, mama."

Nikashindwa kumtazama. "Oili yenyewe nimemuuzia mimi," nikasema.

"Najua. Nilijua nilipovuta tu."

Tulirudi kwa yule mama wa Kihindi, mimi nikiwa nimenywea. Sikuuliza kadi wala punguzo. Nilimuuliza hewa yake anajazia wapi na chujio anabadilisha lini. Alivuta mtungi, akafungua koki kidogo, hewa ikafoka kwenye kiganja changu.

Nikanusa. Nikanusa tena. Haikuwa na harufu yoyote, na mimi niliyeishi nusu ya umri wangu ndani ya harufu ya oili nilitokwa na machozi mbele ya wanafunzi wake. Mwezi uliisha kadi haijatoka, na kazi ilikwenda kwa mwingine. Hilo nalo ni langu.

Lakini siku ile pale bwawani sikuwa nawaza kazi. Niligeuka nikamwambia binti yangu kwamba hii ni safi, nimeikagua mwenyewe.

Akanisogeza taratibu kwa bega.

"Pisha, mama," akasema. "Ninuse mwenyewe."