Tufe la Mjomba Kombo

Nilitoka Tanga kwa sababu moja tu. Mjomba Kombo, mzee wa miaka themanini na sita, alikuwa amegoma kurudi nyumbani kutoka Johannesburg mpaka apelekewe tufe lake la boling. Mama, dada yake wa pekee, alikuwa anaumwa na alitaka kumwona kaka yake kabla hajafa. Basi tufe lile jeusi, ambalo miaka yote tulizuilia mlango wa jikoni, likatiwa kikapuni, nami nikatiwa kwenye basi.

Mtaani kwetu habari zake kila mtu anazijua. Ujanani alikuwa baharia, akashukia Marekani wakati mchezo wa boling, wa kuviringisha tufe kuangusha pini, umepamba moto. Kumbi zilijaa kila jioni, viwanda vilikuwa na timu zao, na wachezaji walivaa mashati yenye majina kifuani wakaonyeshwa kwenye televisheni. Bingwa wao, kwa maelezo yake, alikuwa yeye. Alirudi na tufe hilo, akaliacha kwetu alipohamia Johannesburg.

Tunduma, mpakani mwa Zambia, afisa wa forodha alilitazama lile tufe na matundu yake matatu, akaniuliza linalipukaje. Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe, nikaulizwa vilevile. Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini, walilipitisha kwenye mashine mara mbili, abiria wenzangu wakininunia kwa kuwachelewesha. Bega langu lilikuwa limevimba. Nilimlaani Mjomba na Marekani yake.

Siku ya tano, mchana, nikafika mtaa wa Berea, Johannesburg. Lifti mbovu, ghorofa ya saba. Mama Furaha, fundi cherehani Mkongomani anayeishi na Mjomba nyumba moja, alinipokea kikapu.

“Karibu, mama. Huyu muzee anatuchokesha na ile boule yake kila siku,” akasema; boule ndilo tufe kwa Kifaransa chake.

Nilimwamkia Mjomba shikamoo. Aliitikia huku akilipapasa tufe, na hali ya dada yake akaiuliza baadaye. Niliudhika, na nilimwambia.

Kesho yake asubuhi tulichukua teksi hadi ukumbi wa boling, mbele kidogo ya Rosettenville. Kila tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, aliuliza kama tufe liko salama. Tukaingia, tukakodi viatu, na hapo nikaona rafu nzima ya matufe ya kila rangi na kila uzito, ya kutumia yeyote. Nilikaa chini. Siku tano, mipaka mitatu!

Mjomba akatia vidole kwenye tufe lake, vikapwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake. Mhudumu akatueleza kwamba tufe la namna ile hutobolewa kwa kipimo cha vidole vya mwenyewe. Nikamgeukia Mjomba, nikamuuliza mwenyewe wa tufe ni nani.

“Mchezaji mmoja aliniachia,” akasema. “Mie nilikuwa kule mwisho, nazipanga pini kwa mkono. Wao wanarusha, mie nakunja miguu zisinivunje. Zikaja mashine, kazi ikaisha. Kurusha sijapata, hata mara moja. Watu weusi kule tulikuwa wa kupanga tu.”

“Sasa kwa nini lazima hili?”

“Hili ndilo nililodanganyia. Nirushe hata mara moja, mwanangu, nipate uso wa kumtazama dada yangu.”

Hasira zilinipanda hadi nikataka kumwacha palepale. Lakini alikuwa ameshaliinamia tufe, nikamshika mkanda asianguke. Akalisukuma kwa mikono miwili. Likaenda polepole mno, likaangusha pini nne. Mashine ikashuka, ikazipanga upya, naye akaitazama hadi pini ya mwisho.

“Eish, inapanga vizuri,” akasema. “Ila haina haraka.”

Jumatatu tukapanda basi la kurudi. Tufe alilibeba nani kama si mimi?

Tanga, Mjomba aliketi kitandani kwa Mama, akamwambia yote bila kuulizwa: hakuwa bingwa, alikuwa mpanga pini, na ameangusha nne.

“Nilijua tangu siku uliyolileta,” Mama akasema. “Nilikuona ukivijaribisha vidole, vinapwaya.”

Nilichojifunza ni kwamba kwetu watu hujua kila kitu wakanyamaza. Nilimuuliza Mama, kwa ukali kidogo, kama alijua, kwa nini alinibebesha lile jiwe hadi Johannesburg.

“Bila hilo asingekuja,” akasema, huku ameushika mkono wa kaka yake.