Komeo la Nje

Hakuna anayejua majumba ya kale Kisauni hii kunishinda mimi.

Haya, nimedanganya. Nimewahi kupaka chokaa mawili tu, na moja likaanguka.

Leo tumekwenda kukagua lile jumba la shamba la minazi, la enzi za watumwa. Siku hizi ni ukumbi wa harusi, na mjukuu wangu Mwanaisha aolewa hapo Ijumaa.

Kuta nene za mawe, boriti za mikoko, baraza pana. Msimamizi atabasamu tangu getini. Mtu wa kutabasamu hivyo mimi simwamini.

Akatupeleka kijumba cha nyuma. "Bibi harusi atapambwa humu, mzee. Zamani walilala wageni."

Nikatazama mlango. Komeo liko nje.

"Mwanangu, wageni wenu mkiwafungia kwa nje?"

Akacheka.

Mwanaisha akasema, "Babu, hilo komeo lisipong'olewa mimi siingii."

Msimamizi akakataa, ati watu hulipenda kwenye picha.

Nyinyi wenzangu wa kahawa mwasemaje?

Fundi Saidi, mtaimbo wangu unao tangu Ramadhani. Niletee kesho alasiri, na usiulize wa nini.