Gauni la Kwenda Stesheni

Harufu ya sabuni ya mche, ninapomwogesha binti yangu hapa Cheyo, hunirudisha Igalula kwa shangazi. Mama alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi. Shangazi akaniambia, "Ukiitika kila ninapokuita, bila kuitwa mara ya pili, Jumamosi mama yako atashuka kwenye treni."

Wiki nzima niliacha michezo katikati nikaikimbilia sauti yake. Jumamosi akaniogesha, akanivisha gauni la kanisani, tukaenda stesheni. Abiria wakashuka, treni ikaondoka.

"Mama yuko wapi?"

"Hajui hata kama unamngoja. Nilitaka tu uzoee kuitika."

Kesho yake aliponiita, nilikimbia. "Abee, shangazi."

Akamgeukia jirani, akicheka kwa fahari. "Umeona? Na fimbo sijashika."