Jiwe la Shabo

Tulipomzika Évrard mwezi uliopita, padri alitaja jina lake la ubatizo, watu wakatazamana. Kijijini kwetu aliitwa Shabo. Walevi wa baa ndio waliompachika jina hilo, na nilipowaona wanalia kaburini nilitamani kuwazaba vibao.

Shabo ni samaki wa kijito chetu, urefu wake kama kidole, kichwa kipana kuliko mwili. Jike hutaga mayai chini ya jiwe, kisha huenda zake. Dume ndiye anayebaki kuyalinda na kuyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Évrard alifiwa na mkewe wakati mtoto wao, Mélie, bado ananyonya, na tangu hapo hakukanyaga baa. Wenzake wakapata la kusema.

"We Shabo! Mayai yameanguliwa?"

Alikuwa mtu wa haya. Alipita zake, maziwa ya mtoto mkononi.

Mélie alipoanza kujifunga viatu mwenyewe, bibi yake mzaa mama, Hubertine, alikuja kutoka mjini kumchukua. Nilikuwepo, jirani niliyepeleka mkate.

"Mtoto wa kike halelewi na mwanamume," alisema, huku akipanga nguo za mtoto kwenye sanduku. "Marehemu binti yangu asingekubali."

Évrard alisimama mlangoni. Roho iliniuma.

"Halafu huko njiani wanakuita Shabo. Ndiyo heshima gani hiyo?"

Akainamisha kichwa. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Hubertine, wewe umezaliwa hapa hapa. Shabo unamjua. Hata ukimfunulia jiwe, hawaachi wanawe."

Mikono yake ikatulia juu ya sanduku. Kijito kile alikichezea utotoni, na hapa kwetu kila mtoto hufundishwa jambo moja kabla hajalowesha miguu: ukifunua jiwe la shabo, lirudishe kama ulivyolikuta, la sivyo umeua mayai yote.

Kisha akaanza kutoa nguo sandukuni, moja moja, akizirudisha kabatini. Machozi yalimdondoka na hakuyafuta. Mwisho alibaki na soksi ndogo mkononi, akamgeukia Évrard.

"Hizi zilikuwa wapi, mwanangu? Nataka nizirudishe kama nilivyozikuta."