Jiwe Lililoyeyuka Katika Beseni la Mama Orpa

Saa moja asubuhi, katika ua mmoja ulioegemea mteremko mjini Butembo, mikono ya Orpa imezama hadi viwiko ndani ya beseni la uji mweupe. Anafinya, anakoroga, anauacha uji upite kati ya vidole. Kokoto ikibaki kiganjani, anaitupa ukutani bila kuangalia.

Uji huo hauliwi kwa kijiko. Ni pemba, udongo ambao wajawazito wa mji huu huutamani kuliko nyama ya mbuzi. Orpa huuloweka, huuchuja kwa kitambaa, huukanda, huufinyanga vipande vyenye urefu wa kidole, kisha huvikausha juu ya moshi wa mikaratusi. Vipande vitatu ni faranga mia mbili. Siku njema hurudi kutoka sokoni na elfu nane, siku mbaya hurudi na pemba yake.

Mteja wa kwanza anausukuma mlango wa mabati kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika tumbo.

"Ma Orpa, pemba ya leo ni ya Musienene ao ya mbinguni?"

Majirani wanaoanika nguo wanacheka. Orpa naye anacheka, ila anachelewa kidogo, na macho yake hayabanduki kwenye beseni.

"Bacheke tu," anasema Orpa, mteja akishaondoka. "Mais ile yenye inaniuma, hapana ile banachekea."

Orpa ana miaka hamsini na miwili. Kazi hii aliirithi kwa mama yake, na pamoja nayo alirithi kipimo chake, yaani ulimi. Udongo wowote unaoletwa mbele yake lazima aulambe kwanza. Ukiteleza, ni mchanga mtupu. Ukinata ulimini kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, ni pemba, na pemba huenda kwenye beseni. Miaka thelathini ulimi huo haujamdanganya. Hata siku ile haukumdanganya, na hapo ndipo penye balaa.

Ilikuwa alasiri ya Jumanne, msimu wa mvua. Juu ya vilima vya Musienene anga ilipasuka kwa mshindo, na watu wakafanya walivyozoezwa na miaka ya vita: walilala chini. Mwenye duka mmoja alijificha nyuma ya kreti zake na, kwa hofu, akanywa soda mbili ambazo hakumwandikia mtu. Moshi ulipotoweka, hapakuwa na waasi wala wanajeshi. Kulikuwa na jiwe moja tu jeusi, kubwa kama ngumi mbili, katikati ya viazi vya Victoire.

Victoire ni mkulima, na ndiye anayemchimbia Orpa udongo kwenye kilima chake. Siku chache baadaye alisikia redioni Maliro, mwalimu wa elimu ya mawe katika chuo kimoja cha Butembo, akiomba kila mwenye kuokota jiwe la angani amletee, likiwa kavu, bila kuoshwa. Orpa alipofika kuchukua udongo, Victoire alimkabidhi jiwe hilo limefungwa kwenye jani la mgomba.

"Yaya, umupelekee ule mwalimu," alimwambia, kama mtu anayemtuma dada yake mkubwa. "Mimi nakuamini."

Neno hilo Orpa hulirudia mara nyingi. Mimi nakuamini.

Jiwe liliingia ndani ya gunia la udongo, gunia likapanda chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na chukudu ikasukumwa hadi Butembo na Kasonia, mwanamume ambaye kwa miaka tisa alibeba mizigo ya Orpa bila kupunguza hata konzi moja.

Nyumbani Orpa alilifungua jani. Je, angeweza kulifunga tena na kwenda zake kwa mwalimu? Angeweza. Lakini fundi hapiti karibu na kazi yake akafumba macho. Aliligeuza, akaona pale ganda lilipokatika panafanana na makaa ya zamani. Akalilamba.

"Ikakamata ulimi," anasema, na hata leo uso wake unawaka kidogo. "Ikakamata ngufu! Nikasema: kumbe ni pemba. Pemba nyeusi! Mama yangu hakuionaka. Nikasema acha niweke mu mayi kidogo tu, nione moyo yake."

Kidogo tu. Jiwe lilipogusa maji lilitoa mapovu, likanuka kama vumbi la kwanza kupata mvua, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya lami. Orpa alikwenda kuchochea moto wa chakula. Aliporudi, jiwe halikuwapo. Beseni lilikuwa limejaa tope jeusi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Orpa, kwa mazoea ya mikono, alichuja. Punje ngumu zilizobaki kwenye kitambaa alizitia katika kopo la maziwa. Tope akalikanda, akafinyanga vipande kumi na vinne, akavikausha. Tisa aliviuza sokoni asubuhi ya pili.

"Nilisema, iko nyingi huko Musienene, Victoire ataokota ingine," anaeleza. "Hapana. Nadanganya tena. Sikusema kitu. Niliuza tu."

Baada ya juma moja Maliro alikuja sokoni akiwa na Victoire, amebeba boksi lililotandikwa pamba, kama mtu anayekuja kuchukua mtoto mchanga hospitalini. Aliuliza jiwe liko wapi.

Orpa hakumtaja mtu. Anataka hilo lijulikane, kisha anasema kwamba ndilo linalomtia aibu zaidi. Alijibu tu: "Lilikuwa mu gunia. Gunia ilibebwa. Nilipofungua, hapana."

Gunia lilibebwa. Ni nani sokoni asiyejua anayebeba magunia ya Orpa?

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wa Orpa ulikwenda kilomita hamsini na zaidi. Kwanza wauza maharage waliacha kumpa Kasonia mizigo. Kisha wauza viazi. Kasonia alikuja mara moja uani, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mama Orpa, wewe unanijua. Uwaambie." Orpa alimjibu kwamba watu wanapenda kusema, yatapita. Hayakupita. Kasonia alipakia chukudu yake juu ya lori la Beni akaenda kuanza upya, na lori hilo hilo, kana kwamba limelipiwa nauli mbili, likashusha na habari zake.

Inapendeza kuandika kwamba dhamiri ilimwamsha Orpa. Haikumwamsha. Aliyemfichua ni hamu ya mjamzito.

Katika mwezi wa pili tangu hapo, Maliro alirudi sokoni kumwomba Orpa akumbuke vizuri, pengine jiwe lilidondoka njiani. Wakati huo huo akafika Keren, mshona nguo mwenye mimba ya miezi saba, akapenya katikati yao.

"Ma Orpa, ile nyeusi ya siku ile haiko tena? Ile ya kunukia? Franchement, sijalala vizuri tangu niliimaliza."

"Nyeusi gani?" akauliza Maliro.

Orpa anasema soko lilinyamaza. Majirani zake wanasema soko la Butembo halijawahi kunyamaza, lakini tumwachie hilo. Orpa alimshika mwalimu mkono, akampeleka nyumbani, akamwonyesha vipande vitano vilivyosalia na lile kopo.

Maliro aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisogeza sumaku kwenye kopo, punje zikaruka zikaishika. Kisha akalamba kipande kimoja mwenyewe.

"Mama, ulimi yako haikukosea," alisema hatimaye. "Ni argile, udongo wa mfinyanzi. Ni pemba kweli. Shida ni beseni."

Akamweleza polepole. Kwamba mawe mengi ya angani ni magumu, mengine ni chuma kitupu, lakini yako machache, adimu sana, ambayo sehemu yake kubwa ni udongo kama huu, umechanganyika na kaboni, ile ile ya makaa na masizi, ndiyo maana ni meusi. Ndani yake mna punje za chuma zinazofuata sumaku, salfa, chumvichumvi, hata viini vya kaboni vinavyofanana na vile vilivyomo katika miili yetu. Kwamba udongo hauzaliwi bila maji: huko mbali, kupita sayari ya Mars, palikuwa na mwamba wenye barafu tumboni, barafu ikayeyuka, ikalowesha mawe yakageuka udongo. Hayo yalitokea zaidi ya miaka bilioni nne na nusu iliyopita.

"Donc, ilikunywa mayi mbele ya dunia kutengenezwa vizuri," Maliro alisema. "Ikakaa kavu wakati yote ile. Ikakuja kukunywa tena hapa kwako."

Punje za kopo zinaweza kusema mambo machache. Vile viini vya kaboni, alivyovitafuta zaidi, vimekwisha kuchanganyika na maji ya bomba, moshi wa mikaratusi na jasho la mikono ya Orpa. Maliro hakumgombeza. Alifunga kopo ndani ya pamba, akaaga. Orpa anasema heri angetukanwa.

Keren alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ingawa muuguzi alimkanya mama yake vikali kuhusu kula udongo usiojulikana. Na Victoire? Orpa alikiri kwanza sokoni Butembo, kisha siku ya soko akapanda Musienene, akasema yote mbele ya wauza viazi, huku amepiga magoti. Victoire alimwinua, akampangusa vumbi, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Jiwe ilitoka mbinguni, hiyo ni shauri ya mbingu. Mais jina ya Papa Kasonia, ile ni wewe uliikula."

Siku hiyo hiyo Orpa alimtumia Kasonia bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi ambayo watu wa hapa hunywa wakipatana. Bidoni ilirudi na dereva aliyeipeleka, imejaa, kifuniko hakijafunguliwa. Baadaye Kasonia alipiga simu.

"Kasiksi nitakunywa na nani, Mama Orpa? Huku bananiogopa. Umesema ukweli Musienene, umesema Butembo. Uongo yako ilifika Beni. Na wewe ufike."

Barabara ya Beni, ambayo waasi huvizia magari, si ya kuendea matembezi, na watoto wa Orpa wamemsihi asubiri. Yeye anasema ameogopa barabara hiyo miaka mingi na bado anaiogopa, lakini safari hii kinachomtisha zaidi ni kushuka garini. Ijumaa atakwenda pale wasukuma chukudu wa Beni wanapongojea mizigo, mapema, kabla hawajatawanyika.

"Sitafuti anisamehe," anasema, akikamua kitambaa. "Akikataa, ni haki yake. Nataka batu bamupatie mizigo."

Alikubali kusimulia haya gazetini kwa sharti moja: jina liandikwe zima, litangulie neno "hakuiba", na lisifuatwe na "inasemekana". Kasonia Muhindo, msukuma chukudu, hakuiba.