Madoa ya Sare

Dobi hakuwa mtu wa kudanganywa na nguo. Ukimpelekea shati, kabla hujafungua mdomo ameshajua ulikula nini na mikono uliifutia wapi. Basi sare ya binti yake ilipoanza kurudi kutoka darasa jipya ina chai mkononi na uji kifuani, akaingiwa na shaka.

"Huko wanamtelekeza tu," alimwambia mumewe huku akipiga pasi. "Hapa kwangu hapati doa hata moja."

"Mtoto kuchafuka si kosa, mama watoto."

"Ungekuwa unafua wewe, usingesema hivyo."

Kweli, nyumbani hakuchafuka, kwa kuwa mama alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Binti alikuwa na miaka minane na hajawahi kutamka neno. Mama ndiye aliyekuwa mdomo wake, akimpa maji kabla hajaona kiu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la mahitaji maalumu aliposema binti ameanza kuomba vitu kwa kadi za picha, mama alitabasamu kwa adabu, na moyoni akasema: mwongo mkubwa huyu. Haniombi mimi niliyemzaa, atakuomba wewe uliyemjua juzi? Na mtoto asiyesema, akifinywa, atamshtakia nani? Hilo ndilo lililomkosesha raha. Akaapa kwamba akibaini ubaya wowote, mtoto harudi tena pale.

Siku moja akayaacha mashuka ya watu kwenye beseni, akaenda shuleni bila taarifa, akachungulia dirishani. Alichokiona kilimpandisha mori. Binti yake yuko mezani, mbele yake kopo la biskuti limefungwa barabara, analia kwa kwikwi. Na mwalimu? Kaketi pembeni, mikono mapajani, anamtazama tu.

Mama hakupiga hodi.

"Nilijua mie! Mnamtesa mwanangu!"

"Karibu, mama," mwalimu alisema bila kuinuka. "Nangoja aniombe kwa kadi. Huwa anaomba. Tafadhali, usimfungulie."

"Nisimfungulie? Una wazimu wewe?" Na mkono ulikwisha kulishika kopo.

Binti akanyamaza. Akautazama mkono ule, kisha akamtazama mama usoni. Akageukia ubao wa kadi uliokuwa mezani, vidole vikatangatanga juu ya picha, akabandua moja. Akaushika mkono wa mama, akautoa kwenye kopo, akamwekea kadi kiganjani na kuikandamiza isianguke.

Mama akaitazama. Kwenye picha hapakuwa na biskuti. Palikuwa na mlango, na mtu anatoka.

"Anasema nini?" aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Anaomba utoke, mama," mwalimu alijibu taratibu.

Uso ukamwaka kwa aibu. Miaka yote ile alikuwa akingoja mtoto amwambie neno moja tu, hata liwe la kipuuzi, na sasa ameambiwa. Liliuma, na akalifurahia hivyo hivyo linavyouma. Akamrudishia binti kadi yake.

"Haya, mama," alimwambia. "Nimekusikia."

Mlangoni akamgeukia mwalimu. "Kesho nitamleta," alisema kwa sauti kavu, maana hakuwa tayari kumpenda. Kisha akatoka, akapita lile dirisha bila kuchungulia.